Hesabu za kadi ya grafiki kabla hujatoa hela Kariakoo

Ukiulizia kadi ya grafiki Kariakoo, kitu cha kwanza utakachotajiwa ni giga, yaani ukubwa wa memori yake: "Hii giga mbili, bosi, ile giga nne." Giga zinakusaidia kukataa kadi isiyotosha kazi yako. Kuchagua ni habari nyingine, maana kadi mbili zenye jina moja na giga sawa zinaweza kupishana vibaya. Hesabu zifuatazo zinataka kikokotoo cha simu tu, na unaweza kuzifanya ukiwa umesimama dukani.

Hatua ya 1: Pata jina kamili

"GTX 1060" si jina kamili. Ya giga 6 ina viini (vitengo vidogo vya kupigia hesabu ndani ya chipu) 1280, ya giga 3 ina 1152. Walichopunguza si memori peke yake. RX 580 nayo ina ndugu yake iliyotengenezwa kwa soko la China, RX 580 2048SP, yenye viini 2048 badala ya 2304, na boksi lake halipigi kelele kuhusu hilo. Geuza kadi, soma stika ya nyuma, kisha tafuta modeli hiyo kwenye hifadhidata ya TechPowerUp. Andika viini, kasi ya juu ya chipu (boost), upana wa njia ya memori kwa biti, kasi ya memori kwa Gbps, wati, na idadi ya njia za PCIe (tundu la madabodi ambamo kadi inachomekwa).

Hatua ya 2: Teraflopu

Teraflopu ni matrilioni ya hesabu za desimali ambazo kadi inaweza kupiga kwa sekunde: viini × 2 × GHz ÷ 1000. Ile 2 inatokana na kwamba kila kiini huzidisha na kujumlisha kwa pigo moja, kwa hiyo huhesabiwa kazi mbili.

GTX 1060 giga 6: 1280 × 2 × 1.708 ÷ 1000 = 4.37.
RX 580 kamili: 2304 × 2 × 1.34 ÷ 1000 = 6.17.

Ukipata maelfu, umeingiza MHz badala ya GHz. Na usichukue kasi ya kawaida ya kadi moja ukailinganisha na boost ya nyingine. Wauzaji wa mtandaoni wanapenda sana kuchanganya hizo mbili.

Hatua ya 3: Kasi ya memori (usiiruke hii)

Biti ÷ 8 × Gbps, jibu ni gigabaiti kwa sekunde. Viini vikikosa data vinakaa tu, hata viwe vingi namna gani.

Mfano mbaya kuliko yote ni GT 1030. Iko ya GDDR5 na iko ya DDR4, zote giga 2, viini 384, njia ya biti 64. Teraflopu ni 1.13 kwa 1.06, tofauti ndogo. Sasa piga ya memori: GDDR5 ni 64 ÷ 8 × 6 = 48. DDR4 ni 64 ÷ 8 × 2.1 = 16.8. Karibu mara tatu, na kwenye gemu tofauti hiyo inaonekana wazi. Kama muuzaji hajui memori ni ya aina gani, chukulia ni DDR4 na ulipe bei ya DDR4.

Ukikuta kasi ya memori imeandikwa kwa MHz, zidisha kwanza: DDR4 mara 2, GDDR5 mara 4, GDDR6 mara 8. Kwa hiyo 2002 MHz ya GTX 1060 ni Gbps 8, na 1750 MHz ya GDDR6 ni Gbps 14.

Hatua ya 4: Linganisha ndani ya ukoo mmoja

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Ukoo ni kizazi kimoja cha chipu za kampuni moja. Kwa teraflopu, RX 580 ya AMD inaizidi GTX 1060 ya NVIDIA kwa asilimia 41. Kwenye gemu nyingi zinakwenda karibu sawa. RTX 2080 Ti ya 2018 ina teraflopu 13.4, RTX 3070 ya 2020 ina 20.3, na bado zinakaribiana mno. Sababu ni kwamba kuanzia ukoo wa Ampere (ule wa RTX 3070), NVIDIA huhesabu pia viini ambavyo muda mwingine vinashughulikia namba nzima. Vikiwa huko, havifanyi hesabu za desimali. Namba imepanda, kazi haikupanda kwa kiwango hicho.

Ndani ya ukoo mmoja teraflopu inasema kweli kwa kiasi kizuri. Koo zikitofautiana, tafuta vipimo vya gemu au programu unayotumia wewe.

Hatua ya 5: Kazi yako

Kwa video za harusi, angalia kwanza kama kadi ina kisimba video chake (sehemu ya chipu inayobana video wakati wa kuihifadhi). GT 1030 haina NVENC, yaani kisimba cha NVIDIA, na RX 6500 XT haina kisimba kabisa. Hiyo ya pili ina njia 4 tu za PCIe, kwa hiyo kwenye madabodi ya PCIe 3.0 inapoteza zaidi.

RTX 4060 ina teraflopu 15.1 na memori ya 272 GB/s. RTX 3060 ya giga 12 ina 12.7 na 360. Kwa gemu 4060 inashinda, maana kashe yake (memori ndogo ya haraka ndani ya chipu) ni megabaiti 24 dhidi ya 3. Kwa modeli za AI zinazojaza memori, mimi nachukua 3060.

Hatua ya 6: Umeme

Mashine za ofisi za mtumba huwa na pawasaplai ndogo zisizo na waya wa pini 6. Tafuta kadi ya wati 75, mfano GTX 1650, ila hakikisha haina tundu la umeme, maana baadhi zinalo. Usiunge pini 6 kwa adapta ya SATA: waya wa volti 12 wa SATA umekadiriwa wati 54, pini 6 inaweza kuvuta 75. Plagi inayeyuka.

RX 580 inakula wati 185, GTX 1060 wati 120. Tofauti hiyo kwa saa kumi ni uniti 0.65 za LUKU kila siku, na joto lote hilo linabaki chumbani. Bila AC, mwezi wa Februari, 1060 ikigonga nyuzi 83 inashusha kasi, na teraflopu ulizopiga zinashuka nayo.

Hatua ya 7: Iwashe hapo hapo

Njoo na GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, kwenye flashi. Ikiandika FAKE kwenye jina, hiyo ni chipu ya zamani iliyobandikwa BIOS (programu ndogo inayoitambulisha kadi) ya kadi nyingine, mfano "GTX 1050 Ti". Linganisha viini, biti na aina ya memori na ulichoandika. Ukiona PCIe imeshuka hadi 1.1, usigombane na mtu bado: kadi ikipumzika hujishusha. Bonyeza alama ya kuuliza pembeni, anzisha jaribio, uone kama inapanda. Liache liendelee dakika kumi, ukitazama joto na kusikiliza feni.