Ukisikia "mahakama imemzuia Trump", soma hivi kabla hujauza godoro

Ndugu zangu wakimbizi wa kambi za Kakuma na Nyarugusu na wa Nairobi mnaosubiri safari ya Marekani, kila jaji kule akitoa amri simu zinajaa voisi za "njia imefunguka", wiki kadhaa mbele watu wanalia. Mara nyingi habari yenyewe ni ya kweli ila imesomwa nusu.

Cha kwanza uliza ni karatasi gani ya rais, yaani agizo alilosaini, iliyozuiwa. Ya Januari 20, 2025 ilisimamisha mpango mzima wa Marekani wa kupokea wakimbizi, ya Juni mwaka huohuo ilizuia au kubana viza za watu wa nchi kadhaa, Somalia na Burundi zimo. Jaji akigusa moja, ile nyingine inabaki palepale.

Alafu uliza amri inamhusu nani, hapa ndo watu wanaumia sana. Februari 25, 2025 jaji Jamal Whitehead wa Seattle alizuia kusimamishwa kwa mpango wa wakimbizi, akasema mamlaka ya rais ni makubwa ila yana mwisho, hawezi kuifuta sheria iliyopitishwa na Bunge. Kati ya walioshtaki alikuwepo Mkongo aliyekuwa Nairobi na mke na mtoto mdogo, safari imefutwa na vitu wameshauza. Tukashangilia jamani, ila Machi 25 mahakama ya rufaa ikaipunguza ile amri, na Aprili ikaibana zaidi: ilibidi uwe ulishakubaliwa, umeruhusiwa kusafiri na safari yako imepangwa kabla ya Januari 20. Kwa hiyo majirani wawili kambini, mmoja alikuwa na tarehe ya ndege kabla ya siku hiyo mwenzake bado anasubiri vipimo vya afya, kwa masharti hayo ya Aprili 2025 amri ilimshika wa kwanza tu. Na tangu Juni 27, 2025 Mahakama ya Juu imewapunguzia majaji nguvu ya kuzuia kwa nchi nzima, so angalia kama uko kwenye kundi la walioshtaki.

Rufaa nayo usiisahau. Mwaka 2017 jaji James Robart alisimamisha zuio la Trump la watu wa nchi saba kuingia Marekani Februari 3, wiki moja tu baada ya kusainiwa, wenye viza wakakimbilia ndege siku zilezile wakaingia. Serikali ikaandika zuio la pili, likapigwa tena, ikaandika la tatu, na Juni 26, 2018 Mahakama ya Juu ikalipitisha kwa majaji 5 dhidi ya 4. Dirisha huwa dogo hivyo, kama amri inakuhusu na karatasi ziko tayari usilale, kama haikuhusu usiuze hata sufuria.

Wakati unasubiri andika kwenye daftari namba ya kesi yako, siku uliyokubaliwa, na siku vipimo vyako vinaisha muda, maana vikiisha unarudia hata kama jaji kakupa haki. Na mtu akikuambia toa hela jina lako liingizwe kwenye amri ya mahakama, huyo ni mwizi, huduma ya kuhamishiwa nchi ya tatu hailipiwi, nenda kaulize ofisi ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ukiwa na hilo daftari mkononi.