Matairi ya pikipiki kubwa ya zamani: mambo ya kuzingatia kabla hujatoa pesa

Chuchumaa pembeni ya pikipiki yako, washa tochi ya simu, halafu tafuta herufi DOT kwenye ubavu wa tairi. Fuata maandishi yake mpaka mwisho, utakuta kijumba chenye tarakimu nne. Zikisomeka 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, ni la kabla ya mwaka 2000, na hilo usilipande hata kwenda kituo cha mafuta cha jirani. Mara nyingi tarehe huandikwa ubavu mmoja, kwa hiyo ukiikosa upande huu zunguka upande wa pili.

Naanzia kwenye tarehe kwa sababu pikipiki za aina yetu, zile za mwendo kasi na safari ndefu zilizotoka kiwandani miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, matairi yake hufa kwa umri kabla ya kufa kwa kilometa. Kijana wa bodaboda pale Ubungo anazunguka kutwa, tairi lake linakwisha likiwa bado bichi. Sisi tunatoka Jumapili kwenda Bagamoyo na kurudi, Pasaka tunafika Iringa, siku nyingine zote pikipiki imesimama. Mpira hauna habari kwamba imesimama. Joto la Dar es Salaam, jua la mchana na hewa yenyewe vinaukausha polepole, mafuta yaliyomo ndani yake yanapungua, unabaki mgumu na mkavu huku mifereji bado imekaa kama mipya.

Hili lilinipata. Honda VFR800 yangu ni ya mwaka 1999, na nilipoinunua niliangalia mifereji tu, nikaona ina kina kizuri, nikaridhika. Msimu wa vuli, mvua ikiwa imekatika muda mfupi tu, nilikuwa natoka kwenye taa za Magomeni. Nilifungua mafuta kidogo sana, kama ambavyo ningefanya siku yoyote, na tairi la nyuma likakatikia kushoto kana kwamba limewekwa juu ya sabuni. Nilitua mguu chini, pikipiki ikajinyoosha, gari la nyuma yangu lilikuwa mbali. Nilipofika nyumbani nilisoma tarehe: 4108. Tairi lilikuwa na zaidi ya miaka kumi. Nililibonyeza kwa ukucha wa dole gumba, halikubonyea hata kidogo. Lilikuwa gumu kama kandambili iliyosahauliwa juani.

Watengenezaji wakubwa kama Michelin wanashauri kwamba tairi likishatumika miaka mitano, likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka kumi tangu kutengenezwa liondolewe hata kama linaonekana zima. Mimi kwa hali ya hewa yetu sisubiri kumi. Likifika sita naanza kutafuta jingine. Nyufa nyembamba kama nywele kati ya mifereji au karibu na rimu zinaondoa ubishi wowote: hilo limekwisha leo, hata likiwa na miaka mitatu.

Ukishajua tarehe, nenda kwenye kipimo, na kipimo usikisome kwenye tairi lililopo. Pikipiki ya miaka 25 imepita mikononi mwa watu kadhaa, Uingereza au Japani kabla ya kufika hapa, na mmoja wao huenda alifunga alichokipata. Soma kwenye kitabu cha pikipiki, au kwenye stika ambayo mara nyingi imebandikwa karibu na cheni au kwenye mkono wa gurudumu la nyuma. Yangu inataka 120/70ZR17 mbele na 180/55ZR17 nyuma. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. R ni aina ya ujenzi wa ndani, radiali, yaani nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo. Pikipiki nyingine za zamani zina tairi la nyuzi za mshazari, na penye R utakuta kistari au herufi B. Usichanganye, mbele radiali na nyuma mshazari au kinyume chake, isipokuwa kama kitabu chenyewe kimesema hivyo. Aina hizo mbili zinajipinda tofauti kwenye kona, na pikipiki itakuyumbisha bila wewe kuelewa kosa liko wapi.

Baada ya kipimo kuna namba na herufi ambazo wauzaji wengi huzipita: 58W, 73W. Hizo ndizo za uzito na kasi. 58 inamaanisha tairi linabeba hadi kilo 236, na 73 hadi kilo 365. W ni kasi ya hadi kilometa 270 kwa saa, V ni 240, H ni 210. Utasema, nani anakwenda 270 Barabara ya Morogoro? Hakuna, na asiwepo. Lakini herufi hiyo inaeleza pia jinsi tairi linavyostahimili joto, na joto ndilo linalotutesa: lami ya saa nane mchana, mtu wa pili nyuma, maboksi mawili ya pembeni yamejaa, tangi limejaa, kilometa mia bila kusimama. Jumlisha uzito wote huo kabla hujakubali tairi lenye namba ndogo kwa sababu tu bei yake ni nafuu.

Vipimo vya zamani vina usumbufu wake. Mwenye Honda ST1100 isiyo na ABS, yaani breki zinazozuia gurudumu lisijifunge, anahitaji mbele 110/80 ya inchi 18 na nyuma 160/70 ya inchi 17. Mwenye BMW R1100RT anahitaji nyuma 160/60 ya inchi 18. Watengenezaji hawatoi kila muundo mpya kwa vipimo hivyo, kwa hiyo hakikisha kwanza kipo, ndipo uupende. Mwenye VFR750 ya miaka ya 1990 ana bahati, kwa sababu 170/60 yake ya nyuma ndiyo BMW waliyoichagua kwa R1200GS kuanzia mwaka 2013, na sasa inapatikana kwa wingi, ila asome kwa makini asije akauziwa lile la barabara za vumbi. Na wenye rimu ya nyuma yenye upana wa inchi tano na nusu kama yangu, kuna ushawishi wa kufunga 190 ili nyuma ionekane pana. Rimu inalibana tairi, umbo lake linachongoka vingine, na pikipiki inakuwa nzito kuinamisha. Hakuna unachopata zaidi ya picha.

Sasa aina. Hapa ndipo ninaposhikilia msimamo wangu sana. Tairi la mashindano linataka joto kubwa ili lishike vizuri na linakwisha mapema. Usilinunue hata ukipewa kwa bei ya jirani. Tafuta lile lililotengenezwa kwa mwendo na safari: Michelin wanayo familia ya Road, Bridgestone wana Battlax za T, Pirelli wana Angel GT, Metzeler wana Roadtec, Dunlop wana Roadsmart. Mengi kati ya hayo yana mpira wa aina mbili katika tairi moja, mgumu katikati na laini pembeni. Barabara zetu ni za kunyooka. Kutoka Kibaha hadi Chalinze unakanyaga katikati ya tairi tu, na baada ya safari kadhaa tairi la nyuma linakaa bapa kama limepigwa randa. Ukifika kwenye kona za Kitonga ndipo unalisikia: pikipiki inagoma kuinama, kisha inaanguka ghafla ndani ya kona. Katikati pagumu panachelewesha hali hiyo. Kwa pikipiki nzito kama R1100RT au ST1100, uliza kama muundo unaoutaka una toleo la GT au la uzito mkubwa, maana mengine yana ubavu ulioimarishwa kwa ajili hiyo.

Ukiambiwa uchague kati ya tairi linalokwenda kilometa nyingi na lile linaloshika kwenye maji, chagua la maji. Jiji hili lina masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Jangwani hujaa maji, malori ya bandarini yanadondosha dizeli Barabara ya Mandela, tipa za ujenzi zinaacha tope jekundu kwenye mizunguko, na michirizi ya pundamilia ikilowa inateleza kuliko lami yenyewe. Kilometa elfu mbili za ziada hazilipi mguu uliovunjika.

Nunua yote mawili kwa pamoja kama mfuko unaruhusu. Mbele na nyuma za muundo mmoja zimetengenezwa zisaidiane. Kama huwezi, anza na lile baya zaidi na upange la pili ndani ya muda mfupi, ukibaki kwenye muundo huo huo.

Upatikanaji unahitaji muda, kwa hiyo usisubiri wiki ya safari. Kariakoo, mitaa ya Gerezani na jirani zake, utakuta milima ya matairi, lakini karibu yote ni ya bodaboda, membamba na ya kutumia tyubu. Ukisema tu “inchi kumi na saba” utaletewa 3.00-17, ambalo halina uhusiano wowote na rimu yako. Makubwa mara nyingi huagizwa, na usafiri pamoja na kodi za TRA vinaweza kukaribia bei ya tairi lenyewe, hivyo ulizia gharama mpaka mlangoni. Mimi huanza Januari ili niwe tayari kabla ya masika.

Ukiwa dukani, au ukizungumza na muuzaji kwa simu, usilipe kabla hujaona tarehe. Mara ya mwisho kijana mmoja aliniambia, “Bosi, hii mpya kabisa, haijawahi kugusa lami.” Nikamwambia, “Nakuamini, mdogo wangu. Nitumie tu picha ya zile namba nne.” Akakaa kimya muda, kisha ikaja picha: 0715. Hakusema uongo, halikuwahi kugusa lami. Lilikuwa limekaa stoo miaka na miaka. Nilimshukuru na sikulinunua. Na la mtumba silitaki kabisa, kwa sababu huwezi kuona ndani yake liliwahi kuendeshwa bila upepo au lilizibwa kwa namna gani.

Siku ya kufunga, chagua fundi kwa vifaa vyake. Rimu za pikipiki hizi ni za aluminiamu na zinakwanguka upesi. Kama anatumia vyuma vya mkono, akate vipande vya chupa ya plastiki au vya bomba la bustani na kuvivisha ukingoni kabla ya kukwanyua. Diski za breki zisilaliwe na gurudumu. Kabla tairi jipya halijaingia, futa sehemu ya rimu ambako mpira unakaa: huko ndiko unga mweupe wa kutu ya aluminiamu hujikusanya, hasa kwa sisi tuliokaa karibu na bahari, na huo ndio unaovujisha upepo kila wiki bila pancha. Badilisha na valvu. Ni kitu kidogo, na zile za mpira huzeeka sawasawa na tairi. Zungusha gurudumu huku umeshikilia kijiti karibu na ukingo uone kama matuta na mashimo yamelikunja. Ingiza kidole kwenye beringi uzungushe. Ukisikia mchanga, huu ndio wakati wa kuibadilisha. Mshale ulioko ubavuni uelekee gurudumu linakozungukia, na alama ya rangi, kama ipo, ikae usawa wa valvu. Mwisho lazima lisawazishwe kwa vipande vya uzito, mbele hasa, vinginevyo usukani utatetemeka ukifika kasi ya kilometa 90 kwa saa.

Ukitoka kwa fundi, kwa kilometa 150 hivi za mwanzo endesha kwa upole, inama kidogo kidogo, usishike breki kwa pupa. Uso wa tairi jipya ni laini na unateleza mpaka usuguliwe na lami. Mimi huzimaliza siku kavu, nikienda na kurudi kati ya Bunju na Bagamoyo, nikiwa peke yangu bila abiria.

Kesho yake, kabla hujawasha injini, pima upepo kwa geji yako mwenyewe. Ya kwangu ni psi 36 mbele na 42 nyuma. Yako fuata kitabu. Geji za vibanda vya pancha hupishana sana, na fundi aliyezoea bodaboda anaweza kukujazia 28 kwa nia njema kabisa. Ukipima tena baada ya safari utakuta imepanda kidogo kwa sababu ya joto, na hapo usipunguze. Ukikuta asubuhi ya pili imeshuka, chukua maji ya sabuni, paka kwenye valvu na kuzunguka ukingo wa rimu pande zote mbili, kisha subiri uone povu linatokea wapi.