Ukienda kliniki beba dawa zako zote, hata ile ya mgongo

Watu wa Kisumu, daktari akiuliza unameza nini usiseme "ile tembe nyeupe", nyeupe ni mia. Beba zote na pakiti zake, kwa kiondo, za presha, za sukari, miti shamba, hadi ile diclofenac ya maumivu ya mgongo ulijinunulia Kondele. Hiyo ndiyo watu huficha na ndiyo hunisumbua sana, kwa sababu inapandisha presha, na ukiichanganya na enalapril, dawa ya presha, plus dawa ya kukojoza, figo zinaweza kuumia vibaya. Kama una mimba ama unashuku, sema kabla daktari hajaandika dawa, enalapril haifai kwa mtoto tumboni.

Panadol pia si peremende eti. Mtu mzima asipitishe tembe 8 za 500mg kwa siku, na cheki dawa ya homa, mara nyingi paracetamol iko ndani tayari.

AL (artemether-lumefantrine), dawa ya malaria, ni dozi 6 siku 3, ya pili masaa 8 baada ya kwanza, kula kitu kwanza hata kama ni uji wa maziwa, na umalize, usiwekee jirani.