Kumfundisha mwanamaji kupima hali ya hewa ukiwa Dodoma

Anza na saa kabla hujagusa chombo chochote. Vipimo vikuu huchukuliwa dunia nzima saa 00, 06, 12 na 18 za UTC (saa moja ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu), na mwanafunzi wa kwetu ana saa tatu kichwani: hiyo ya UTC, ya Afrika Mashariki, na saa ya Kiswahili. Saa 06 UTC ni saa tatu asubuhi. Saa 12 ni saa tisa alasiri, 18 ni saa tatu usiku, na 00 ni saa tisa usiku. Njia ya mkato: saa ya mchana ongeza 3, ya usiku ongeza 15, na jumla ikizidi 23 toa 24. Kosa la kawaida ni kuandika 03 kwa sababu mdomo unasema "saa tatu", na ni kosa baya kwa kuwa 03 UTC nayo ni saa halali ya kutuma ripoti, hivyo hakuna atakayeshtuka. Angalia na tarehe: saa saba usiku hapa, kwa UTC bado ni jana, saa 22.

Vipimo vyote vifanyike ndani ya dakika kumi kabla ya saa kamili. Barometa, yaani kipima mgandamizo wa hewa, isomwe mwisho, saa yenyewe.

Kibanda cha vipimajoto kiwe cheupe, chenye kuta za vibao vya mshazari, na vipimajoto viwe kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini, juu ya nyasi fupi au udongo wa kawaida, si zege. Vitabu vingi vya Ulaya husema mlango uelekee kaskazini. Usivifuate. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Kuanzia karibu wiki ya pili ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri linakuwa upande wa kusini, miezi iliyobaki liko kaskazini. Kibanda cha hapa kinahitaji milango miwili, na unafungua ule ulio kivulini.

Kwa kipimajoto chenye utambi, yaani kile kinachofungwa kitambaa chenye maji ili kupima unyevu wa hewa, maji ndiyo shida. Maji ya bomba ya Dodoma yana chumvi. Birika lolote la chai litakuonyesha ukoko wake. Tumia maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta, ila soma lebo usije ukanunua asidi. Chumvi kwenye utambi huzuia maji yasivukize vizuri, kipimajoto kinabaki juu, na unyevu wa hewa unaonekana mwingi kuliko ulivyo. Kwa bahati, hilo ndilo tatizo lile lile atakalokutana nalo melini, ambako rasharasha za bahari huufikia utambi kila siku. Mzoeshe hapa hapa kubadilisha utambi kwa ratiba, si mpaka uwe wa kahawia.

Kwa saikromita ya kuzungusha kwa mkono, yaani vipimajoto viwili pamoja, kikavu na chenye utambi, loanisha utambi, simama kivulini ukiukabili upepo, zungusha kama mara mbili kwa sekunde kwa nusu dakika hadi dakika nzima, kisha soma chenye utambi kwanza. Rudia mpaka masomo mawili yafuatane sawa. Mwezi wa Septemba hapa hewa ni kavu kiasi kwamba utaona uzi wa kipimajoto ukishuka, ukitulia kidogo, halafu ukianza kupanda tena. Kupanda huko maana yake utambi umekauka. Somo sahihi ni pale ulipotulia chini kabisa. Anayechelewa kusoma anaandika uongo bila kujua. Melini azungushie upande wa joshini, unakotoka upepo, mbali na dohani (bomba la moshi) na milango ya jikoni.

Jedwali la unyevu nalo lina mtego. Hewa ikiwa nyuzi 30 na utambi nyuzi 20, jedwali la usawa wa bahari litampa asilimia 39; kwa mgandamizo wa Dodoma jibu ni 41. Weka majedwali mawili mezani, yaandike wazi kipi ni cha wapi.

Barometa ndiyo inayostahili muda mwingi kuliko vyote. Dodoma iko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo chombo kitasoma karibu hektopaskali (kizio cha mgandamizo) 890. Mwanafunzi akizoea namba hiyo, siku ya kwanza baharini akiona 1012 atadhani chombo kimeharibika. Mfanye ahesabu: pwani hektopaskali moja ni sawa na kupanda mita 8.7 hivi, hapa, ambako hewa ni nyepesi, ni karibu mita 9.8. Barometa iliyo mita 12 juu ya mstari wa maji wa meli iongezewe 1.4 kabla ya kuripoti.

Kisha mwache asome kila saa kwa siku tatu mfululizo na achore mstari. Ataona kilele karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na bonde karibu saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Tofauti ya kilele na bonde inaweza kufika hektopaskali 3 bila wingu hata moja angani. Asiyejua pumzi hii ya kila siku atapiga kelele za dhoruba kila alasiri. Ndiyo maana somo la leo saa tisa hulinganishwa na la jana saa tisa, si la asubuhi. Baada ya kuondoa pumzi hiyo, upungufu wa hektopaskali 3 chini ya kawaida ya msimu ni wa kutilia shaka. Ukifika 5, chukulia kwamba kimbunga kiko jirani. Wasioamini kwamba vimbunga hufika kwetu wakumbushwe Hidaya, Mei 2024.

Upepo wa Dodoma, hasa Juni hadi Septemba, unatosha kufundishia, lakini kituo hakitembei na meli inatembea. Chora mishale kwenye karatasi ya miraba. Meli inaelekea kaskazini kwa noti 12, yaani maili 12 za bahari kwa saa; chombo kinaonyesha upepo wa noti 17 ukitoka nyuzi 45 kulia kwa omo (mbele ya meli). Ondoa upepo unaotengenezwa na mwendo wa meli, unabaki noti 12 kutoka mashariki. Upepo wa kweli daima uko nyuma zaidi kuelekea tezi (nyuma ya meli) kuliko unavyousikia usoni. Baiskeli kwenye barabara iliyonyooka inaeleza jambo hili haraka kuliko ubao.

Mawingu: kupata urefu wa kitako cha wingu toka chini, zidisha kwa mita 125 tofauti ya joto la hewa na nyuzi ambazo umande huanza kutunga. Hapa 30 na 15 hutoa kitako cha mita 1,875. Pwani 30 na 24 hutoa 750. Jicho lililofundwa Dodoma huyaweka mawingu ya bahari juu mno. Kuona mbali nako hapa hupimwa kwa vilima. Baharini hakuna kilima, kuna upeo tu, ambao kwa jicho lililo mita 9 juu ya maji uko maili za bahari 6 na kidogo.

Bwawa la Hombolo linafaa kwa ndoo ya joto la maji: chota, weka kivulini, koroga, soma ndani ya dakika moja kipimajoto kikiwa bado majini. Mawimbi marefu yanayotoka mbali usijaribu kuyafundisha huko. Hayapo.

Mwisho ni kuandika ripoti. Ya nchi kavu huanza AAXX, ya meli BBXX. Meli iliyo nyuzi 6 dakika 30 kusini, nyuzi 40 dakika 12 mashariki, yaani mashariki ya Unguja, huandikwa 99065 30402: 99 ni utangulizi tu, 065 ni nyuzi 6.5, na 0402 ni nyuzi 40.2. Dakika hugawanywa kwa 6 kupata sehemu ya kumi. Anayeandika 063 ameharibu. Tarakimu 3 inayoanza kundi la pili ni robo ya dunia ya kusini mashariki. Akiandika 1, meli yake imepanda milima ya Ethiopia.