Kunguru wa vyuma chakavu: anza na miguu

Utahitaji grenda, sumaku, waya laini wa kufungia nondo, miwani na glovu za ngozi. Huna mashine ya kuchomelea? Andaa kila kitu nyumbani, kisha mpelekee fundi mageti wa mtaani kwako. Na cheti cha sanaa usikisubiri. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora hapa Dar mwaka 1968, hakupitia chuo chochote cha sanaa.

1. Okota. Zunguka kwenye gereji za bodaboda: cheni, sproketi, spoki, nati, sahani za chuma za klachi. Wauza skrepa wao wanapima kwa kilo. Ukiletewa mfuniko wa chemba au kipande cha reli, kataa, maana unajua kilikotoka. Shokapu nayo usiikate: ndani mna mafuta, na nyingine zina gesi iliyogandamizwa.

2. Pitisha sumaku. Kisichonasa weka kando. Vifuniko vya injini vingi ni aluminiamu, na kijiti cha kawaida cha kuchomelea hakiishiki. Sumaku haitakuonya kuhusu zinki, lakini: bati na nati zilizopakwa zinki zikichomelewa hutoa moshi mweupe unaoweza kukulaza na homa usiku. Mimi naziacha tu. Vyenye grisi vioshe kwa sabuni, vikauke.

3. Tafuta mkao. Hapa usiwe na haraka. Nenda soko la Feri asubuhi umtazame kunguru akivizia utumbo wa samaki: kifua mbele, magoti yamekunjwa, tayari kuruka. Pinda vyuma vya miguu kwanza, ndipo ufunge sproketi ya kiwiliwili juu yake kwa waya. Kichwa, mkia na mabawa navyo vifunge kwa waya tu. Sasa ning'iniza nati kwa uzi kutoka katikati ya uzito wa ndege. Ikiangukia nje ya nyayo, upande wa mdomo, ongeza uzito mkiani au sogeza nyayo mbele. Mzungukie. Watu wengi hutazama upande mmoja, wakimgeuza wanakuta bata.

4. Chomelea. Pointi ndogondogo kwanza, kata waya, pima tena kwa uzi, ndipo ukamilishe.

5. Malizia. Rangi sipaki. Kunguru wetu ana shingo ya kijivu, kwa hiyo ng'arisha cheni ya shingoni kwa grenda, kwingine acha weusi wake. Pulizia vanishi siku hiyohiyo. Kwa chumvi ya upepo wa hapa, kesho shingo itakuwa nyekundu.