Jinsi ya kuvuka forodha ya nchi nyingine na baiskeli yako bila kulipishwa ushuru

Majuzi nimemsaidia rafiki yangu kusafiri na baiskeli yake, maswali aliyoniuliza ni yale yale ya kila mtu, kwa hiyo nayaandika mara moja. Hii ni kwa anayebeba baiskeli yake mwenyewe, ya kukanyaga, na atarudi nayo. Afisa wa forodha hana ugomvi na baiskeli, anachotaka kujua ni kama itabaki kwenye nchi yake. Ikibaki ni bidhaa iliyoingizwa, ikitoka na wewe ni mzigo wa msafiri tu. Na hilo sio fadhila, mkataba wa forodha kwa watalii wa New York wa 1954 unaitaja kabisa baiskeli isiyo na mota kwenye vitu binafsi vya msafiri vinavyoingia bila ushuru mradi vitoke tena. Ila mkataba wenyewe umesema baiskeli moja. Ukifika na mbili lazima uulizwe ya pili ni ya nani.

Hatua ya 1: isafiri na wewe

Ndege ile ile, jina lile lile. Ukiituma kwa kago inageuka shehena, utahitaji wakala wa forodha, na ghala linachaji kila siku inayolala pale. Simshauri mtu hata kama nauli ya kago ni nafuu.

Ya umeme ni habari nyingine. Betri inayozidi 160 Wh (wati-saa, kipimo cha umeme inaoweza kutunza) hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria na betri nyingi za hizi baiskeli zinazidi hapo, alafu kwenye vitabu vya ushuru ya umeme iko kifungu 8711 pamoja na pikipiki wakati ya kawaida iko 8712.

Hatua ya 2: karatasi

Hapa ndo watu wanapotezewa nusu siku, kwa hiyo soma taratibu. Anza na namba ya fremu. Geuza baiskeli miguu juu, kwa nyingi namba imegongwa chini pale shafti ya pedeli inapopita, ukiikosa angalia shingo ya mbele. Piga picha ya namba, alafu picha ya baiskeli nzima.

Risiti iwe na jina lako, na muuzaji akikubali aandike na namba ya fremu, maana risiti isiyo na namba inaonyesha kwamba ulinunua baiskeli fulani, haionyeshi kwamba ni hii iliyo mbele ya afisa. Wino wa risiti za mashine unafutika, iskani mapema. Kama ulinunua mkononi kwa mtu mrudie muandikiane hati ya mauziano yenye tarehe, bei, namba na saini zenu wote. Muuzaji hapatikani? Kusanya risiti za fundi, karatasi ya bima kama unayo, na picha za zamani ukiwa juu ya baiskeli hiyo hiyo, picha yenye tarehe ya kabla ya safari inasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Thamani andika ya leo, ya baiskeli iliyotumika, sio bei ya ilipokuwa mpya. Lakini usiishushe mpaka ikawa uongo, afisa anaweza kutafuta modeli kwenye simu yake hapo hapo, na akishakutilia shaka kwenye bei ataanza kutilia shaka kila kitu.

Halafu kuna kitu wengi wanakisahau: forodha ya kwenu wakati wa kurudi. Nao wanaweza kusema umeinunua huko. Kabla hujaondoka uliza kama wanasajili vitu vinavyotoka kwa muda, Marekani wana fomu 4457, Kanada wana BSF407. Afisa anataka kuiona baiskeli yenyewe ndo agonge muhuri, kwa hiyo USIZUNGUSHIE boksi gundi kabla hajaiona.

Kuna watakaokwambia ukate karneti ya ATA, hati ya kimataifa ya kuingiza vitu kwa muda bila ushuru. Ni nzuri kwa bidhaa za maonyesho na vifaa vya kazi, ila kwa baiskeli moja ya matembezi ni gharama na dhamana isiyo na sababu.

Print kila kitu. Simu huzima chaji kwenye foleni.

Hatua ya 3: osha

Udongo kwenye tairi, cheni, chini ya fremu, toa wote. Australia na New Zealand ndo wakali zaidi kwa udongo unaoingia nchini, huko tamka kwenye fomu kwamba una kifaa kilichotumika nje, kwenye udongo, hata kama kinang'aa.

Hatua ya 4: funga

Mimi ni mtu wa begi laini. Boksi la dukani lenye jina la kampuni ubavuni linamwambia afisa kwamba ndani kuna baiskeli mpya, ukilazimika kulitumia ligeuze nje ndani.

Hatua ya 5: ukifika

Umoja wa Ulaya, kwa msafiri asiye mkazi, kupita tu njia ya kijani, ya wasio na cha kutamka, kunahesabika kama tamko la kuingiza kwa muda. Kwingine ukiwa na shaka pita nyekundu, ya wenye cha kutamka, toa karatasi, sema unaondoka lini na kwa njia gani, onyesha tiketi ya kurudi.

Ukipewa fomu au ukalipa dipoziti, uliza kabla hujatoka mlangoni: hii inafungwa wapi, yaani wapi itagongwa muhuri kwamba baiskeli imetoka? Kama utatokea mpaka mwingine waambie saa hiyo hiyo waandike. Siku ya kutoka nenda forodha KWANZA, baiskeli ikishaingia kwenye mizigo ya ndege hakuna atakayekugongea muhuri, na fomu isiyofungwa inasomeka kwamba baiskeli ilibaki.

Anayehama moja kwa moja asitumie njia hii, aombe msamaha wa ushuru wa wanaohamia. Ulaya wanataka uwe umeishi nje ya Umoja angalau miezi 12, baiskeli uwe umeitumia angalau miezi 6, na ukishaingia usiiuze wala kuikodisha kwa miezi 12.