Mpeleke mzazi kliniki na mfuko wa dawa zake zote

Unapompeleka mzazi kliniki ya presha, awe anatoka Kirumba au amevuka na kivuko kutoka Ukerewe, daftari peke yake halitoshi. Kusanya kila anachotumia: vidonge vya kwenye kibahasha kisicho na jina, mitishamba, hata matone ya macho. Mwaga vyote mezani kwa daktari.

Kinachonitia hofu zaidi ni diklofenaki, dawa ya maumivu. Mama ameinama siku nzima akianika dagaa, mgongo unamuuma, jioni anapitia duka la dawa na hasemi kwamba ana presha. Diklofenaki na ibuprofeni huweza kupandisha presha, na zikikutana na dawa za presha kama losatani au enalaprili pamoja na dawa ya kukojosha, figo zinaweza kuumia vibaya. Daktari asiyejua ataona presha haishuki, aongeze dozi.

Parasetamoli nayo imo ndani ya dawa nyingi za mafua. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, ukijumlisha zote. Na ukikata pakiti, bakiza kipande chenye jina la dawa na tarehe ya kuisha muda.